Mchanga wa Bwana Usafi

Makaa alilidharau lile tangi kabla halijashushwa kwenye lori. Alisimama mlangoni mwa chumba cha boila, mikono nyuma, tumbo mbele, akalitazama likining'inia kwenye minyororo ya winchi kama ng'ombe aliyefia njiani. Akatema mate pembeni.

"Ndiyo hilo?"

"Ndiyo hilo, mjomba," alijibu mpwa wake, ambaye kiwanda kizima kilimwita Injinia.

"Na ndani mnatia nini?"

"Mchanga."

"Mchanga." Alilitafuna neno lile kama mtu aliyeng'ata kokoto kwenye wali. "Dada yangu kahangaika mpaka kakonda, usome, umalize, upigwe picha na lile joho. Halafu unarudi kutuletea mchanga. Si ungesema tu, nikakuchotea barabarani?"

Injinia alicheka. Alikuwa amezoea. Tangu utotoni mjomba wake hakuwahi kumsifia mtu wala kitu, isipokuwa boila lake.

Kile kilikuwa kiwanda cha sabuni. Sabuni hupikwa, na ili ipikike inahitaji mvuke mwingi, asubuhi hadi jioni. Kwa miaka mingi mvuke huo ulitoka sehemu moja tu: boila la kuni la Makaa. Boila lenyewe lilikuwa limechakaa, limeungwa viraka kama suruali ya fundi ujenzi, lakini Makaa alilijua kuliko alivyomjua mke wake, na mke wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo. Sifa yake kubwa ilikuwa moshi, au tuseme kutokuwepo kwa moshi. Maboila ya wenzake yalifoka moshi mweusi mchana kutwa. Bomba la Makaa lilikuwa safi juu kama halina kazi. Alichagua kuni moja moja, kavu, nyembamba, akazipanga zikipata hewa, na mtu aliyepita nje asingejua kama ndani kuna moto. Ukitaka kumtukana, mwambie bomba lake linatoa moshi.

Injinia alimweleza tangi lake akiwa amechuchumaa, akichora kwa kijiti chini. Juu ya paa kuna sola. Jua likiwaka, umeme unashuka kwenye nyaya zilizozikwa ndani ya mchanga. Mchanga unapata moto, unapanda, unapanda, mpaka unapita moto wa sufuria yoyote. Halafu unakaa nao. Leo, kesho, keshokutwa, haujapoa. Ukitaka mvuke, unawasha feni, inasukuma hewa kwenye mabomba yanayopita katikati ya ule mchanga, hewa inatoka na moto wake, inachemsha maji. Hakuna kuni. Hakuna majivu.

"Hakuna Makaa," alimalizia mjomba.

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Una adabu." Akasogea, akaweka kiganja chake kipana kwenye ukuta wa tangi. "Na hilo joto lenu litakaa humu? Bati hili?"

"Kuna pamba nene ya kuzuia joto, huku na huku. Siku ukiweka mkono hapo ukasikia joto, mjomba, ujue nimeshindwa."

"Basi nitakuwa napitapita," alisema Makaa. "Kukusabahi."

Na kweli alipitapita.

*

Mwenye kiwanda alikuwa baba yake Injinia, yaani shemeji yake Makaa. Wafanyakazi walimwita Bwana Usafi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alivaa shati jeupe siku zote na kutembea na leso mbili, moja ya kujifutia, nyingine ya kuifutia ile ya kwanza. Ukutani, juu ya lango, alikuwa ameandikisha kwa rangi ya bluu: HAKIINGII KITU KISICHOOSHWA. Hakuwa anatania. Matairi ya malori yalioshwa langoni. Mifagio ilioshwa. Ndoo za kuoshea zilioshwa kwa ndoo nyingine. Paka wa stoo aliwahi kuoshwa mara moja, akahama, na panya wakahamia.

Bwana Usafi hakuelewa tangi lilivyofanya kazi, na hakujali. Alichoelewa ni kwamba kampuni moja kubwa ya maduka ilikuwa inatafuta sabuni, na haikutaka sabuni iliyopikwa kwa kuni. Ndiyo maana akamruhusu binti yake. Alimruhusu kwa masharti, akayatamka mbele ya watu ili asiweze kuyakana:

"Wageni watakuja. Sufuria kuu ichemke mbele yao, boila limezimwa. Ikichemka, tangi litabaki na utaendelea na mambo yako. Isipochemka, nalikata vipande siku hiyohiyo, mahali pake naweka stoo, na wewe unakuja ofisini kwangu kupokea simu. Nimemaliza."

"Kupokea simu," Makaa alimwambia mpwa wake baadaye. "Una bahati. Mimi angenifanya niioshe."

Injinia hakucheka siku hiyo. Mchanga alikuwa ameuanika mwenyewe uani, juu ya mabati, akiugeuza kwa koleo kama mtu anayeanika mpunga, mpaka ukawa mkavu unaopeperuka. Kisha akasafiri kwenda kufuata feni, iliyokuwa imekwama kwa wakala. Aliacha maagizo mafupi: mchanga umiminwe tangini, mfuniko ufungwe, basi.

Hapo ndipo Bwana Usafi alipopita uani, upepo ukavuma, na lile shati jeupe likabadilika rangi.

Makaa aliyaona yote kupitia dirisha lake. Aliwaona vijana wa usafi wakivuta mipira ya maji. Akaona madumu ya sabuni ya maji, ile ya ndimu, yakimwagwa kwenye lundo la mchanga. Akamwona shemeji yake amesimama kando akielekeza kwa kidole, "Na pale! Na pale hamjasugua!" Povu lilipanda mpaka magotini. Kisha wakausuuza kidogo, wakaumimina tangini ukiwa unachuruzika, wakafunga mfuniko, wakaosha mfuniko.

Makaa alicheka mpaka akajishika kiuno. "Wamemwogesha mchanga," alimwambia mpakizi wa kuni. "Bado kumpaka mafuta na kumvisha nguo." Lakini hakutoka nje kuuliza, wala hakusema neno. Kwake yeye tangi zima lilikuwa upuuzi, na upuuzi hauna sehemu inayokosewa. Alidhani ndiyo utaalamu wenyewe.

*

Injinia aliporudi na feni yake, akafunga, akaunganisha, akawasha. Jua lilikuwa zuri. Siku ya kwanza sindano ya kipimajoto ilipanda vizuri. Siku ya pili ilifika mia moja, ikagota. Siku ya tatu ilikuwa palepale. Alikagua nyaya, zote nzima. Akagonga kile kipimo kwa kucha. Akaleta kingine. Mia moja. Uso wake ulianza kuchakaa kwa kukosa usingizi.

Makaa alipita kumsabahi, kama alivyoahidi. Akaweka kiganja. Akakitoa. Akakirudisha, na tabasamu likamtambaa usoni mpaka masikioni.

"Mpwa wangu," aliita, "njoo. Njoo umwone mjomba wako ambaye hakusoma. Ukuta una joto! Vuguvugu, kama chai ya msibani. Ulisema mwenyewe. Umeshindwa!"

Alitegemea ubishi. Badala yake Injinia alisukuma mkono wake kando, akaweka wake, akautembeza juu, chini, pembeni.

"Pamba imeloa," alisema kwa sauti ndogo. "Pamba haipitishi joto ikiwa kavu. Hii imeloa. Imeloa na nini?"

Akapanda ngazi mpaka juu ya tangi, kwenye kibomba cha kupumulia. Makaa alibaki chini akimtazama. Halafu akaliona jambo lenyewe: kwenye mdomo wa kibomba kulikuwa na kitu cheupe kikivimba taratibu, kikikua kama shavu la mtoto, kikapasuka. Kikatokea kingine.

"Mjomba," Injinia aliita kutoka juu. "Kwa nini tangi langu linanuka ndimu?"

"Si sabuni ya kuogea mchanga hiyo?"

"Ya nini?"

"Baba yako aliuosha. Kwa sabuni. Nilidhani ndiyo mapishi yenu."

Injinia alishuka ngazi moja moja. "Ulimwona."

"Nilimwona."

"Na hukumwambia aache. Hukunipigia simu."

"Sasa mimi najua nini? Wewe ndiye injinia. Nikajua mchanga wa kisomi lazima uoge."

Injinia akakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa tangi. Hakupandisha sauti. Alimweleza tu, kama anavyoelezwa mtoto: maji yakiwemo, moto wote unakwenda kuyachemsha hayo maji. Mchanga hauwezi kupita mia moja mpaka tone la mwisho liondoke. Na kwa mia moja hupati mvuke wa kupikia sabuni, unapata unyevu na povu. Utakauka, ndiyo. Unajikausha wenyewe, polepole, kupitia kile kibomba. Lakini wageni wanakuja keshokutwa.

Makaa alijikuna kidevu. Alitaka kusema jambo la kejeli, na kejeli zilikuwepo, zimejipanga foleni, lakini hakuna iliyotoka.

*

Injinia alikwenda ofisini kwa baba yake. Makaa alisikia kila kitu, kwa sababu Bwana Usafi alikuwa na sauti ya mtu anayeuza samaki.

"Nimekuoshea mchanga wako, badala ya ahsante unanijia na midomo!"

"Baba, niwaambie wageni ukweli. Mchanga umeloa, waje baada ya wiki mbili tatu."

"Niwaambie nini? Kwamba mwenye kiwanda cha sabuni kaharibu mtambo kwa kufua? Nitoke hapa nachekwa? Wewe keshokutwa utasimama pembeni, uvae vizuri, ufunge mdomo. Nitazungumza mimi."

Kisha alishuka mwenyewe mpaka chumba cha boila, jambo ambalo hakulifanya hata siku Makaa alipofiwa na mwenzake wa kazi. Alisimama mlangoni, akainua suruali kidogo isiguse sakafu.

"Shemeji yangu."

"Leo nimekuwa shemeji."

"Umekuwa shemeji siku zote. Sikiliza. Bomba la boila lako bado limeungana na sufuria kuu, si ndiyo?"

"Halijahama."

"Keshokutwa utawasha. Kimyakimya. Ufungue vali, mvuke uende. Wageni wataona sufuria inachemka na tangi limesimama, watajumlisha wenyewe."

Makaa alichukua kijiti akaanza kuchokonoa meno. "Yaani tangi la mwanao lijifanye linafanya kazi, na boila langu lijifanye limekufa."

"Umeelewa haraka."

"Na moshi?"

Hapo Bwana Usafi alitabasamu, akatoa leso, akafuta hewa mbele ya pua. "Moshi? Nani katika mji huu anawasha bila moshi kama wewe? Kazi hii ni yako peke yako, shemeji. Hakuna mwingine anayeiweza."

Makaa alimdharau kwa maneno yale. Alimdharau kwa leso, kwa suruali iliyoinuliwa, kwa uongo uliopigwa pasi. Lakini sifa ni sifa, hata ikitoka mdomoni mwa mpumbavu, na moyoni alichekelea: sabuni ya wageni wale itapikwa na boila lake. Akakubali.

"Mpwa wangu anajua?"

"Hana haja ya kujua."

*

Siku ya wageni, Bwana Usafi alikuwa ameosha kiwanda mpaka kikawa kinateleza. Hata rundo la kuni la mbele lilikuwa limepigwa maji na sabuni ya ndimu tangu asubuhi, lipendeze. Makaa alilitazama likichuruzika, akatikisa kichwa, akaenda kuchukua kuni zake kavu alizozificha nyuma ya stoo, kwa sababu alikuwa akimfahamu shemeji yake.

Aliwasha vizuri kuliko siku zote. Moto ulikaa mweupe, mkali, bila kelele. Bomba juu halikutoa kitu. Alifungua vali robo, halafu nusu. Akasimama dirishani.

Wageni walikuwa watatu: wanaume wawili wenye suti zilizowabana, na mama mmoja mkaguzi, mfupi, viatu bapa, ambaye hakusema mengi na aliangalia kila kitu mara mbili. Waliletwa mpaka kwenye tangi. Sufuria kuu, iliyokuwa hatua chache kutoka pale, ilianza kunguruma, kisha ikachemka, sabuni ikipanda na kushuka ndani yake kama uji. Bwana Usafi alinyoosha mikono yote miwili.

"Mchanga!" alisema. "Mchanga na jua, ndugu zangu! Hakuna kijiti kinachochomwa hapa. Lile banda mnaloliona kule ni makumbusho tu. Boila la zamani, uchafu mtupu, tumeshalizima. Kuna mzee mmoja mle ndani hana pa kwenda, basi tunamweka kwa huruma."

Wale wa suti walicheka kwa heshima. Makaa, mle ndani, alishika fremu ya dirisha.

Kwa huruma.

Lakini si hilo lililomwangusha. Alikuwa ametukanwa na watu wenye akili zaidi ya yule. Alimwona mpwa wake. Injinia alikuwa amesimama pembeni kama alivyoamrishwa, amevaa vizuri, mdomo umefungwa. Sufuria ilipochemka alishtuka. Alirudi nyuma hatua moja, akashika kwa siri bomba linalotoka kwenye tangi lake. Kisha akasogeza mkono kwenye bomba la boila, akauondoa haraka kwa kuungua. Akageuka, akatazama moja kwa moja dirishani.

Makaa alilijua jicho lile. Alilitumia yeye mwenyewe miaka yote, kwa kila mtu: kwa shemeji, kwa wauza kuni, kwa tangi. Ni jicho analotazamwa mtu asiye na thamani ya kutukanwa. Hakuwahi kulipata kutoka kwa mtoto yule, ambaye alimbeba mgongoni, ambaye alikuja kumchorea mtambo chini kwa kijiti.

"Haya," alisema Makaa kwa sauti. "Mnataka makumbusho."

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akakumbatia kuni zilizooshwa, mzigo mzima unaodondosha maji na kunukia ndimu, akarudi, akafungua mdomo wa boila kwa teke, akazisukumiza ndani. Akaongeza mzigo wa pili. Akafunga tundu la hewa mpaka mwisho.

Boila lilikohoa. Halafu bomba, ambalo kwa miaka yote halikuwahi kumwaibisha, lilitoa moshi. Mweusi, mzito, unaojikunja, uliopanda juu ya paa, ukakosa upepo, ukashuka uani kama blanketi. Ulitua kwenye sola. Ulitua kwenye suti. Na ulitua kwenye shati la Bwana Usafi.

"Ni majirani!" alipiga kelele Bwana Usafi akipepea leso zote mbili. "Wanachoma takataka, watu wachafu sana hawa!"

Mama mkaguzi alikuwa ameinua uso juu, mkono kwenye paji. "Jirani yako ana bomba juu ya paa lako?"

Makaa alitoka nje, majivu mpaka kwenye nyusi. "Si majirani, mama. Ni mimi, yule wa huruma. Boila liko hai. Hiyo sufuria naichemsha mimi."

"Mwongo huyu! Kalewa!"

"Sijalewa, shemeji. Ningekuwa nimelewa ningekusifia."

Mama mkaguzi hakumtazama yeyote kati ya wale wanaume. Alimgeukia Injinia. "Na tangi?"

Injinia alilisogelea tangi lake. Baba yake alimkazia macho. "Tangi ni zima," alisema. "Mchanga ndio umeloa. Uliwekwa mkavu... ulitakiwa kuwekwa mkavu. Uliwekwa umeoshwa."

"Mchanga umeoshwa?"

"Kwa sabuni, mama. Njoo uone."

Wakapanda ngazi wote wawili. Kule juu, kibomba cha kupumulia kilikuwa bado kinavimbisha mapovu yake, moja moja, bila haraka. Mama mkaguzi alilitazama moja mpaka likapasuka. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka kimya, kwa muda mrefu, ameshika ngazi asianguke, na uani hakuna aliyethubutu kumuuliza anacheka nini, kwa sababu wote walijua.

Alipofika chini alijifuta macho. "Ukikauka nitakuja," alimwambia Injinia. "Sitasema siku. Na nikikuta tangi hili halipo, nitajua wenye kiwanda hiki ni watu wa namna gani."

Wakaondoka. Viatu vyao viliacha alama nyeusi mpaka langoni, na hakuna aliyezifuta.

*

Bwana Usafi alimfukuza kazi shemeji yake palepale, kwa sauti, akimwita mchawi na msaliti. Makaa alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Kesho nani atawasha?"

Bwana Usafi alilitazama boila, kisha shati lake.

"Mchanga haujakauka. Sabuni lazima ipikwe. Njoo uwashe wewe, nitakuazima glovu. Zioshe kwanza."

Hivyo hakufukuzwa. Na tangi halikukatwa, maana mama mkaguzi angeweza kutokea siku yoyote. Bwana Usafi alijifungia ofisini, na kwa mara ya kwanza malori yaliingia kiwandani na matairi yenye vumbi.

Makaa aliwasha boila kila asubuhi, bila moshi, huku mlango wa pili tangi likijikausha. Alijua vizuri anachokisubiri. Siku mchanga utakapokauka, ndiyo siku boila litakapopoa. Wakati mwingine alipanda ngazi mwenyewe, akachungulia kibomba, akarudi chini akinung'unika: "Bado linatoa makamasi." Injinia alikuwa hajamsemesha zaidi ya salamu. Alimpa "shikamoo" yake kila asubuhi, mjomba akaipokea, basi.

Kisha mapovu yakaisha. Ukaja mvuke mtupu, ukapungua, ukakata. Sindano ikatoka kwenye mia moja, ikapanda kama iliyofunguliwa kamba. Asubuhi moja Injinia aliwasha feni bila kutangaza, na sufuria kuu ikanguruma, na Makaa, aliyekuwa na kuni mkononi, akazirudisha kwenye rundo. Mama mkaguzi alikuja siku chache baadaye, amepanda gari la kukodi, peke yake. Aliingia kwanza chumba cha boila, akaweka mkono kwenye mlango wa tanuri. Lilikuwa limepoa. Makaa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hana la kufanya.

"Pole, mzee," alisema yule mama.

"Pole ya nini? Napumzika kwa huruma."

Alipokwisha kuondoka, Makaa alinyanyuka, akajivuta mpaka kwenye tangi. Alitazama huku na huku, akaweka kiganja kwenye ukuta. Akakisogeza juu. Akakisogeza chini, kwenye maungio, mahali fundi mvivu angeacha mwanya. Akachuchumaa, akajaribu nyuma, kule kusikofika mtu. Bati lilikuwa baridi kama pua ya mbwa, kila mahali.

"Mjomba." Injinia alikuwa nyuma yake. "Unafanya nini huko?"

"Natafuta ulipokosea."

"Umepata?"

Makaa hakuondoa mkono. "Limenuna tu hili tangu lifike," alisema. "Halina hata joto la kumkaribisha mtu. Nipishe. Sijamaliza upande wa pili."

Injinia akampisha. Kisha akavuta ile ndoo, akaipindua vizuri, akaiweka karibu na ukuta ili mjomba wake akichoka kutafuta apate pa kukaa.